Mkamwana wa Koridoni

Mimi ni mwepesi wa hasira, na hapa chuoni jambo hilo halihitaji shahidi. Kwa hiyo habari za Damari nitazisimulia pamoja na hasira zangu, na atakayeona nimezidisha anivumilie. Jina langu ni Evarista, Mhehe wa Ilula. Nafundisha takwimu katika chuo kimoja cha hapa Mbeya, na kazi yangu ya pili, isiyo na sifa wala shukrani, ni kuwa mshauri wa masomo. Kila mwanafunzi wa shahada ya hisabati, kabla muhula haujaanza, lazima akae mbele ya meza yangu tupange atasoma nini.

Watu wa nje hudhani kazi hiyo ni nyepesi. Wanadhani mtoto akishaandikishwa hisabati basi anasoma hisabati, mwisho anavaa joho. Thubutu! Kuna masomo ya lazima na ya hiari. Kuna masomo ambayo huruhusiwi kuyagusa kabla hujafaulu yanayoyatangulia. Kuna somo linalofundishwa muhula wa kwanza tu, ukilikosa unasubiri mwaka mzima, na kuna somo lenye mwalimu mmoja tu chuo kizima, huyo akishikwa na mafua darasa lote linakaa nyumbani. Ukikosea kupanga mwaka wa kwanza, kilio chake utakisikia mwaka wa tatu, wenzako wakipimwa majoho.

Siku Damari alipokuja kwangu mara ya kwanza, foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi, na wote waliomtangulia walikuwa wameniuliza swali lilelile: "Madam, somo lipi rahisi?" Hawataki sapu, ule mtihani wa marudio, hawataki kudisko, kufukuzwa chuo kwa kufeli. Siwalaumu. Yeye aliketi, akaupakata mkoba wake, akauliza, "Madam, lipi ndilo la mwisho?"

"La mwisho kivipi?"

"Lile ambalo haya mengine yote yanaelekea huko."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa binti wa Kisafwa kutoka milimani, huko juu kwenye miteremko inayoutazama mji, ambako baba yake, mzee Timotheo, analima viazi. Baadaye niliambiwa kwamba tangu akiwa darasa la sita yeye ndiye aliyekuwa akimpangia baba yake mashamba: lipi lipumzike, lipi lipandwe viazi, lipi lipandwe njegere ili udongo usichoke. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdanganya na orodha ya masomo. Nikamwambia ukweli. Somo la mwisho ni Uchanganuzi wa Namba Halisi, mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, lazima kwa wote, mwalimu mmoja tu. Wanafunzi wanaliita Machinjio. Ni somo lisilokufundisha kukokotoa kitu kipya. Linakuuliza umejuaje kwamba ulichokuwa ukikokotoa miaka yote ni kweli.

"Basi tulipange hilo kwanza," alisema Damari, "halafu turudi nyuma."

Ndivyo tulivyofanya. Tuliandika Uchanganuzi juu kabisa ya karatasi, tukashuka nao taratibu hadi mwaka wa kwanza. Sijawahi kupanga masomo na mtu aliyefurahi vile.

Mwalimu huyo mmoja alikuwa Dokta Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye kikohozi kisichoisha na koti moja la kahawia alilolivaa jua liwake mvua inyeshe. Alifundisha kwa chaki. Mashine za kumulika ukutani alisema zinawafanya watoto wasinzie. Mwaka wa kwanza aliwafundisha misingi ya kuthibitisha, na neno lake lilikuwa moja, "kwa nini?" Ukimpa jibu sahihi anakuuliza kwa nini. Ukimpa la makosa anakuuliza kwa nini, tena kwa upole zaidi. Darasa zima lilimwogopa isipokuwa Damari. Vipindi vikiisha, wawili hao walibaki ubaoni wakibishana, yeye na chaki yake, Dokta na yake, mpaka mama wa usafi aje awafukuze na ufagio.

"Evarista," aliniambia siku moja tukinywa chai, "yule binti anaweza." Basi. Hakuongeza. Kwa mtu ambaye sifa zilikuwa zinamtoka kwa shida kama jino, hilo lilikuwa neno kubwa sana.

Halafu yakaja ya Jofrey. Jofrey ni kitinda mimba wa Dokta Asukile, kijana mchangamfu anayenunua mpunga Ubaruku na kuukoboa. Alikuwa akija na pikapu yake kumchukua baba yake chuoni, na kama baba hajatoka kwa sababu ya mabishano ya ubaoni, Jofrey alisubiri mlangoni. Alisubiri leo, akasubiri kesho, mwisho hata siku ambazo baba yake hana kipindi pikapu ilikuwepo. Damari alipofika mwisho wa mwaka wa pili, posa ikapelekwa mlimani kwa mzee Timotheo.

Mimi nilishangilia. Nilipiga vigelegele ofisini hadi mkuu wa idara akachungulia. Niliona bahati iliyoje: mkwe na mkamwana watakaa mezani wanaongea hisabati mpaka chakula kipoe. Hapo ndipo nilipokosea, na Damari alikosea pamoja nami. Yeye alijua kuna mila, hata kwao mkwe anaheshimiwa, ila alidhani hiyo ya Wanyakyusa imebaki kwa mabibi wa vijijini. Jofrey naye alimwambia, "Hayo mambo ya wazee, chuoni hayafiki." Aliamini alichokisema.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawataniani au hawapeani mkono. Nasema hawaonani. Baba mkwe akitokea njiani, mkamwana anaiacha njia, anajifunika kanga na kugeukia pembeni mpaka mzee apite. Hawakai chumba kimoja. Wakiwa na la kuambiana, linapitia kwa mtu. Na jina la baba mkwe, mkamwana halitaji. Koo nyingi za mjini zimeilegeza mila hiyo, nyingine zimeiacha kabisa. Ukoo wa Dokta Asukile haukuiacha, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa bado hai kule Tukuyu, na kwa bibi yule jambo hilo halikuwa na mjadala.

Siku ya harusi nilikula pilau, nikacheza, nikamtafuta Dokta ukumbini nimpongeze. Sikumwona. Wiki iliyofuata aliingia ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi.

"Dada, harusi uliifurahia?"

"Niliifurahia. Wewe ulijificha wapi?"

"Nilikuwa nje, kwenye gari." Alikohoa kidogo. "Nimepata binti, Evarista. Nimempoteza mwanafunzi."

Aliponieleza, nilipandwa na hasira. Nilimwambia, wewe ni daktari wa hisabati, kila siku unawatesa watoto wa watu na "kwa nini" yako, haya leo nakuuliza mimi, kwa nini? Alipangusa chaki kwenye mkono wa koti lake mpaka nikaona aibu ya sauti yangu.

"Hilo swali sijawahi kumwuliza mama yangu," alisema. "Na mama amezeeka sana. Siwezi kuwa mimi wa kumvunjia."

Huo ndio ulikuwa mtihani wetu. Machinjio ni somo la lazima. Mwalimu ni mmoja, na mwalimu huyo hatakiwi hata kumwona mwanafunzi. Bila somo hilo Damari hana shahada ya hisabati. Njia rahisi ilikuwa moja: ahamie upande wangu, takwimu, ambako Uchanganuzi si lazima. Nilimwekea jambo hilo mezani, nikijua wazi kwamba mimi ndiye nitakayefaidika.

"Nikihamia takwimu nitafaulu, Madam," alisema.

"Tena vizuri."

"Nitafaulu, ila sitajua."

Nikapanga mpango mwingine. Kuna chuo Iringa kinachofundisha somo kama hilo, na taratibu zetu zinaruhusu mwanafunzi kusoma somo moja kwingine kisha alama zihamishwe. Tulipanda basi la alfajiri, mimi na yeye, tukiwa na barua za idara na muhtasari wa somo. Iringa walitupokea vizuri, wakatupa chai na maandazi, halafu wakatuambia kwamba mwalimu wa somo hilo yuko masomoni nje ya nchi na mwaka ule halitafundishwa. Hakuna aliyekuwa na kosa. Ningefurahi kama angekuwepo wa kumgombeza.

Nilimchukua tukapitiliza hadi Ilula kwa mama yangu, tulale. Mama anauza nyanya kando ya barabara kuu, na wasafiri wanamjua kwa ulimi wake. Tulimkuta anapanga sado zake, makopo ya kupimia nyanya.

"Kamwene," alimsalimia Damari, akamtazama juu mpaka chini. Nilipomweleza kilichotupeleka Iringa, aliweka nyanya chini. "Huyo mkwe wako anaumwa nini hata asikutazame?"

"Haumwi, bibi. Ananiheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kumtuma mtu mpaka Iringa?"

Damari alicheka kwa adabu, akainama kumsaidia kupanga nyanya. Lakini usoni niliona amechoka, na nilijua kwamba njiani, basi zima, alikuwa amejipa moyo kwamba Iringa wangesema ndiyo.

Tuliporudi Mbeya, siku za usajili zilikuwa zinaisha. Dokta Asukile akaja mwenyewe. Safari hii hakukaa.

"Dada Evarista, mila inasema chumba kimoja," alisema. "Koridoni si chumba."

Nilicheka mpaka machozi. Mwanahisabati ni mwanahisabati, hata kwenye mila za babu zake atatafuta mwanya. Nilicheka nikiwa na hasira pia, maana binti mwenye akili kuliko wote darasani ndiye aliyetakiwa kukaa nje. Nilimwita Damari, nikamwambia yaliyosemwa, nikategemea atalia. Alichosema ni, "Kwa hiyo nijisajili?" Akakaa kwenye kompyuta yangu akajisajili mwenyewe.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Dokta alitangulia darasani, akaingia na kuelekea ubaoni moja kwa moja. Damari alikuja baada yake na kiti chake, akakiweka koridoni chini ya dirisha la luva, kanga imefunika kichwa na mabega juu ya sweta. Kutoka pale hakuona ubao. Alisikia tu. Kipindi kikiisha, Dokta alifuta ubao polepole, akiupa mgongo mlango, na hakugeuka mpaka aambiwe kwamba koridoni hakuna mtu. Mvua zilipoanza, upepo ulizileta mpaka kwenye daftari la Damari, na yeye alisogeza kiti tu. Siku moja nilimkuta amejikunyata nyuma ya nguzo ya ngazi, uso ukutani, mkoba wa kompyuta mgongoni, kwa sababu Dokta alikuwa anapanda. Naye Dokta alipofahamu, alisimama palepale, akageuka akarudi chini. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheka. Niliwafokea wakakimbia.

Lakini kuna jambo lilitokea ambalo hakuna aliyelipanga. Kwa kuwa alikuwa anamfundisha mtu asiyeona ubao, Dokta Asukile alianza kusema kila alichokiandika. "Sasa naandika upande wa kushoto. Nachukua namba ndogo kuliko zote unazoweza kuziwazia. Hapa nimepiga mstari, maana hapa ndipo watu wanapopotea." Alipaza sauti juu ya mvua ya bati, anakohoa, anaendelea. Darasa zima likaelewa Machinjio kwa mara ya kwanza tangu somo lile lianze kufundishwa. Watoto wa watu walifaulu majaribio kwa sababu ya mtu aliyekaa nje.

Wa kupitisha maneno alikuwa Vishal, mtoto wa mzee Mulji mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini kati, kijana wa Kihindi anayeongea Kiswahili cha stendi. Yeye ndiye aliyekaa karibu na mlango. Dokta akiuliza swali darasa likanyamaza, alisema bila kugeuka, "Vishal, mwulize aliyeko nje." Vishal anachungulia dirishani, wananong'onezana, kisha anasema, "Dokta, anasema haiwezekani, kwa sababu hujaonyesha kwamba ina mwisho." Na Dokta anaujibu ubao, "Mwambie ni kweli. Mwambie nilikuwa namtega." Mwanzoni Vishal alitania sana, akajiita mnara wa simu. Kufikia katikati ya muhula aliacha utani, akawa anafikisha maneno kwa uangalifu mkubwa, na kama hakulielewa neno alirudi dirishani kuuliza upya.

Kazi za nyumbani zilikusanywa na jalada lenye jina la mwanafunzi na jina la mhadhiri. Jalada la Damari lilikuwa na mstari mtupu pale pa mhadhiri, kwa sababu jina lile hakuweza kulitaja wala kuliandika. Msaidizi wetu mmoja alitaka kumkata alama. Dokta alimwambia aiache karatasi ile, mhadhiri anajulikana.

Maneno ya koridoni yalishuka mjini, na Mama Jofrey akapanda ofisini kwangu amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Dada Evarista, hii mambo imefika mpaka sokoni. Watu wanasema mume wangu anafundisha mkamwana dirishani. Wanacheka."

"Anasoma, Mama Jofrey. Wanaocheka hawasomi."

"Asome, nani amemkataza? Si kuna masomo mingine? Wewe si unafundisha? Mchukue basi."

Nilimjibu kwa ukali kwamba masomo si mafungu ya mchicha, huwezi kuacha hili ukabeba la jirani. Nilitegemea atanijibu mapigo. Badala yake alikaa chini, akakunja mikono.

"Mimi baba mkwe wangu nilimwona uso siku anazikwa," alisema. "Nilimpikia miaka yote. Unafikiri sikutaka kumwona mtu anayekula chakula changu? Unafikiri sisi hatuna moyo? Nikimwachia huyu, heshima yangu mimi ilikuwa ya nini?"

Nilimmiminia chai. Alikunywa, akashukuru, akaondoka. Jioni ile, nadhani, alimwambia mumewe maneno yaleyale, kwa sababu mwisho wa wiki Dokta Asukile alisafiri kwenda Tukuyu.

Alirudi amebadilika. Aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, akiwa na mkungu wa ndizi mkononi.

"Mama amekubali," alisema. "Krismasi twende wote. Wazee watakaa, atatufungulia mwiko huu. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Ulifanyaje?"

"Nilimwuliza kwa nini."

"Akasemaje?"

"Akasema miaka yote hakuna aliyewahi kumwuliza." Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Evarista, baada ya Krismasi yule mtoto ataingia darasani. Bado nusu ya somo, tena nusu iliyo nzuri. Nitambishia mpaka achoke."

Jofrey alimpelekea Damari habari. Kesho yake binti alikuja kwangu akijifanya ana swali la ratiba. Nilimwona anavyozunguka, mwisho akauliza kama viti vya mbele katika darasa lile vina wenyewe.

"Chukua unachotaka," nilimwambia. "Atakayekuzuia aje kwangu."

Krismasi hatukuifikia. Asubuhi moja, siku ya kipindi, Damari alikaa koridoni akisubiri, na darasani wenzake walisubiri, na ubao ulikuwa mtupu. Dokta Asukile alikuwa ameamka na maumivu ya kifua, akapelekwa hospitali, akafariki kabla ya saa sita mchana. Presha, walisema. Jofrey alikuwa Ubaruku. Alimpigia mkewe simu akiwa barabarani, na mimi nilikuwa napita koridoni wakati simu ile inapokelewa. Damari hakupiga kelele. Alisema tu, "Nani atamwambia Vishal?" Kisha akaketi tena kwenye kiti kilekile, chini ya dirisha, na mimi nikakaa sakafuni karibu naye na sketi yangu ya kazini, nikalia kwa sauti kwa ajili yetu wote wawili.

Tulimzika Tukuyu, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mama yake, mvua ikinyesha bila kupumzika. Bibi alikuwa amekalishwa barazani, anatazama watu kana kwamba anasubiri mmoja wao amweleze. Damari aliwekwa mbali na jeneza, pamoja na wakamwana wengine, amegeuzwa uso. Ulipofika wakati wa kuaga, nilimwona Mama Jofrey anatoka kwenye mkeka wa wafiwa, mwenyewe haoni vizuri kwa machozi, anakuja mpaka alipo Damari na kumshika mkono.

"Twende, mwanangu. Sasa unaruhusiwa. Ukamwone."

Damari alisimama, wakaongozana. Watu waliwapisha. Zilipobaki hatua chache, alisimama, akaivuta kanga ikafunika uso wote, akageuka.

"Mama, siwezi," alisema. "Siku zote alikuwa anageuka. Leo hawezi kugeuka."

Mama Jofrey alimkumbatia, wakasimama hivyo kwenye tope mpaka jeneza likafungwa. Mimi nilikuwa nyuma yao. Hasira zote nilizobeba tangu siku ya harusi zilinitoka, na zilipotoka sikubaki na kitu cha kushikilia.

Nusu iliyobaki ya Machinjio nilitupiwa mimi. Nilisoma kama mwanafunzi, nikafundisha kwa kubahatisha, na darasa likanivumilia. Siku ya kwanza nilifungua mlango nikamwambia Damari aingie, hakuna wa kumzuia tena. Aliingia. Viti vya mbele vilikuwa wazi, Vishal alikuwa amemwekea kimoja, lakini alikaa kile cha karibu na mlango. Mtihani ulipokuja alipata alama za juu kuliko wote.

Muhula wa pili ulipokaribia, alikaa tena mbele ya meza yangu. Ulibaki muhula mmoja, na jambo kubwa la kupanga lilikuwa mradi wa mwisho, maana huo ndio unaoamua mtu akiendelea na masomo ya juu ataendelea na nini. Nilikuwa nimemwandalia mpango. Kuna mwalimu Iringa, yule aliyekuwa masomoni, amerudi; angekubali kumsimamia katika Uchanganuzi, nilishaongea naye. Nilieleza kwa furaha, nikichora mishale. Damari alisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, kuna kitu nilikuwa nimekitunza," alisema. "Sikutaka kukipitisha kwa Vishal. Nilisema Krismasi ikipita nitauliza mwenyewe."

"Kitu gani?"

"Nilitaka kumwuliza kama naweza. Si mtihani. Hii hesabu yenyewe, maisha yote. Nilitaka aniambie."

Niliruka kwenye kiti. "Unaweza! Alisema, Damari. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, mwaka wako wa kwanza, tunakunywa chai. Alisema, yule binti anaweza."

Aliinamisha kichwa, akaupakata mkoba wake.

"Alikwambia wewe, Madam," alisema.

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu, siku ile na siku zilizofuata, kwa upole na kwa ukali, hata Mama Jofrey nilimleta aseme naye. Damari hakubishana. Alisema amechoka kusikiliza nyuma ya ukuta, na kwamba Uchanganuzi akiusoma bila mzee yule atakuwa bado koridoni. Siku ya mwisho ya usajili aliniomba mradi wake niuandike takwimu, nami nikaandika.

Sasa ni mwanafunzi wangu. Ni bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na ninalisema hilo mbele ya darasa zima, kwa jina lake, namtazama machoni, kila linapostahili na hata lisipostahili. Yeye huitikia, "Asante, Madam," kisha anarudi kwenye kazi yake, na sote wawili tunajua kwamba si kwangu alikotaka kulisikia.